Kutoka na vijana Dar es Salaam: Coco, Mbudya, Mlimani City, makumbusho au treni ya Morogoro?

Kwenye treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, mtoto ni yule wa miaka 4 hadi 12, naye analipa nusu nauli. Akitimiza 13 anahesabiwa mtu mzima: Dar hadi Morogoro daraja la kawaida, shilingi 13,000 kamili, sawa na mama yake. Nyumbani tunachelewa kufanya hesabu hiyo. Mtoto ameingia sekondari, sauti imebadilika, viatu vyake ni vikubwa kuliko vya baba, lakini Jumapili tunampeleka palepale tulipompeleka akiwa darasa la pili, kwenye bembea na sharubati ya pakti. Akinuna tunasema siku hizi hapendi kutoka na familia.

Wanangu ni watatu: binti yuko kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume ameanza kidato cha kwanza, na kitinda mimba yuko darasa la pili. Tunakaa Kimara, gari hatuna, safari zetu ni za mwendokasi (mabasi yaendayo haraka), daladala na bajaji. Jumamosi zimemezwa na tuisheni, kwa hiyo zimebaki Jumapili mchana na likizo za Juni na Desemba. Nalinganisha hapa sehemu ambazo familia nyingi za Dar hufikiria kwanza, na kipimo changu kikubwa ni hiki: siku hiyo kijana anapewa nini mkononi? Mtoto mdogo anataka kuchezeshwa. Kijana anataka kuaminiwa jambo, awe na nafasi ya kujitenga kidogo, na akirudi akukute ulipo. Gharama na usafiri ni muhimu, nitavitaja, ila nimeona siku ya bei kubwa ikiharibika na ya bei ndogo ikifana kwa sababu ya hicho kimoja.

Bahari: Coco, Kigamboni au Mbudya

Coco Beach haina kiingilio, na kwa familia ya watu watano hilo pekee linaipa alama nyingi. Sisi tunapanda mwendokasi hadi kituo cha Morocco, kisha bajaji. Jumapili jioni nusu ya vijana wa Kinondoni wako pale, na hapo ndipo Coco inapoishinda fukwe ya hoteli: binti yangu anakuta rika lake. Anatembea na rafiki yake mita mia mbili mbele yetu, wanapiga picha, wanarudi kuomba hela ya mihogo. Mimi namwona, yeye hajisikii kuchungwa.

Hiyo mihogo inastahili kusemwa vizuri. Unaikuta imechemshwa na kukaangwa hadi nje imekauka na ndani imebaki unga mtupu. Muuzaji anaipasua katikati, anamimina pilipili ya ukwaju, anarundika kachumbari juu, anakukabidhi ikiwa bado inaunguza vidole. Mpe kijana wa miaka 13 noti, mwambie yeye ndiye anayelisha familia leo. Atauliza bei kwa wauzaji watatu kabla ya kununua, atahesabu chenji mbele yenu. Mwaka juzi huyohuyo alikuwa anasubiri kulishwa.

Udhaifu wa Coco unajulikana. Maji yana mkondo, hakuna uzio, giza likiingia umati hubadilika na walevi huongezeka. Simu iliyoshikwa ovyo inaondoka. Kwetu sheria ni kwamba saa kumi na mbili kamili wote tuko kwenye mkeka, na kuogelea ni pale baba yao alipo. Tena angalieni maji kabla ya kutoka. Bamvua, yaani maji makubwa, ikijaa, mchanga wote unamezwa mkabaki mmesimama ukingoni. Yakipwa sana, miamba inatokeza, na kwa kitinda mimba hiyo ndiyo raha yenyewe, maana kwenye vidimbwi kuna visamaki na kaa. Kazi ya kuangalia ratiba ya kujaa na kupwa tulimpa kaka mtu. Ana simu, anasoma jiografia, na anajua kwamba mwezi mchanga na mwezi mpevu ndio wakati wa bamvua. Tukikuta maji yako kama alivyosema, siku yote anatembea kifua mbele.

Kigamboni ni habari nyingine. Mwendokasi kutoka Kimara unafika Kivukoni bila kubadilisha gari, mkishuka mnatembea kidogo hadi pantoni. Nauli ya mtembea kwa miguu imekaa shilingi 200 kwa miaka mingi, na sioni popote pengine jijini ambapo mia mbili inanunua mandhari ya namna ile: meli zimetia nanga, ngalawa, soko la samaki la Feri nyuma yenu, minara ya makanisa ya enzi za Wajerumani juu ya paa. Ng'ambo mnachukua bajaji hadi fukwe za Mjimwema na kuendelea. Nyingi zina kiingilio, na baadhi hukikata kwenye bei ya chakula, kwa hiyo ulizeni mlangoni. Mnapata kivuli, choo safi, uwanja wa voliboli na mlinzi. Wazazi tunapumzika zaidi Kigamboni kuliko Coco. Vijana wetu wanasema kuna upweke, na nawaelewa: wateja wengi ni watu wazima au familia zenye watoto wadogo. Ukienda, nenda na familia nyingine yenye vijana. Na agizeni chakula mara tu mfikapo, maana kuku wa pale huchukua muda hasa.

Mbudya, ambayo ni kisiwa, ndiyo ghali kuliko zote mbili, na mimi ndiyo ninayoiweka juu kwa familia yenye watoto wa miaka 13 hadi 17. Boti zinatoka Kunduchi. Mnalipa boti, mnalipa kiingilio cha hifadhi, mnakodi banda la makuti, mnachagua samaki mbichi akakaangwe. Jumlisheni kabla, maana ukiwa kisiwani huwezi kubadili mawazo ukala nyumbani. Thamani yake ni kwamba kisiwa chenyewe ndicho uzio. Kule Coco nageuza shingo kila baada ya dakika tano. Mbudya nawaambia vijana wakutane nasi saa saba kwa chakula na nalala. Wanazunguka ufukweni, wanaogelea na miwani ya maji, wanakaa chini ya mbuyu wanazungumza mambo yao. Hakuna duka la kuwala hela, na hakuna pa kwenda mbali.

Yapo ya kuangalia. Kila mtu avae boya ndani ya boti, hata kijana anayeona aibu mbele ya wenzake, na nahodha asiye na maboya ya kutosha msipande naye. Mbudya na visiwa jirani ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo makombe na matumbawe hayaokotwi. Halafu pepo: likizo ya Juni inaangukia kusi, bahari huchafuka hasa mchana, basi ondokeni asubuhi na mapema mrudi kabla upepo haujashika kasi. Likizo ya Desemba ni kaskazi, maji hutulia na kuwa meupe, na kwa kuogelea ndio wakati wake. Bongoyo, inayofikiwa kwa boti kutoka Masaki, iko vilevile kwa mambo mengi, ila ina njia ya kutembea katikati ya msitu, na kwa kijana asiyependa kuogelea Bongoyo inafaa zaidi.

Neno moja kwa wenye mabinti. Binti aliyekuwa akiogelea na chupi tu akiwa mdogo, sasa anajiangalia. Mwingine anataka kuvaa baibui lake la kuogelea, mwingine hataki kuingia majini kabisa siku fulani za mwezi na hatasema mbele ya baba yake. Mama muulize mapema, faraghani, kabla boti haijalipiwa.

Mlimani City

Wazazi wengi hatuipendi Mlimani City, jengo la maduka na sinema. Tunaona ni kwenda kutembea dukani. Lakini waulize vijana wa Dar wenyewe, na jina hilo utalisikia mapema. Kuna kiyoyozi, sinema, chakula cha aina aina, walinzi kila kona, na simu iko salama mfukoni. Ukilinganisha na Coco, usalama ni mkubwa zaidi na uhuru pia ni mkubwa zaidi, kitu ambacho ni nadra kukipata pamoja. Unaweza kumwacha binti wa miaka 15 na rafiki yake waingie sinema peke yao, wewe ukakaa na mdogo wao sehemu ya chakula.

Gharama yake ni ya kujificha. Kiingilio hakuna, ila kila hatua inaomba hela. Dawa niliyoiona inafaa ni kumpa kijana kiasi kimoja asubuhi, kimeshapangwa, na kumwambia hakuna nyongeza. Achague mwenyewe kama ni sinema au ni piza. Mwanangu wa kiume alichagua aiskrimu ndogo, akaweka zilizobaki za kununua vocha. Sikusema neno.

Kinachoifanya Mlimani City ipande alama kwangu ni jirani yake. Imejengwa kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mkitoka pale ni mwendo mfupi kuingia chuoni kwenyewe. Miti mikubwa, tumbili, Ukumbi wa Nkrumah, na ile maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018. Kwa mtoto wa msingi pale hakuna kitu. Kwa kijana wa kidato cha tatu anayeanza kufikiria tahasusi ya kidato cha tano, kuona wanafunzi wamekaa chini ya mti wakibishana ni jambo zito, na mzazi hana haja ya kuhubiri. Tembea naye kimya. Binti yangu aliuliza mwenyewe dada mmoja pale anasoma nini na alipata daraja gani, wakazungumza hadi mdogo wake akaanza kulia njaa.

Makumbusho mawili, na si sawa

Watu huyachanganya. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji, karibu na bustani ya mimea. Yalifunguliwa 1940. Kijiji cha Makumbusho kiko barabara ya Bagamoyo, karibu na stendi iliyopewa jina lake, nacho kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na nyinginezo.

Kwa mtoto wa miaka saba, Kijiji kinashinda bila ubishi. Anaingia ndani, anainama, anatoka upande wa pili, na mkibahatika mnakuta ngoma. Kwa kijana inategemea. Akiambiwa tu atembee asome vibao, atachoka baada ya nyumba ya tatu. Akipewa kazi ya kutafuta nyumba ya kabila la bibi yake, kisha ampigie bibi simu palepale amwonyeshe kwa video na kumuuliza kama ndivyo ilivyokuwa, mtakaa saa mbili. Bibi yao alicheka sana siku hiyo, akaanza kusahihisha jinsi mafiga yalivyopangwa.

Makumbusho ya Taifa yanamfaa zaidi kijana, hasa aliyekwisha kuanza historia ya sekondari. Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai 1959, analijua kutoka daftarini. Hapa linakuwa kitu. Magari ya zamani ya viongozi huwavutia wavulana, na sehemu ya kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998 inaleta maswali ambayo mzazi inabidi ayajibu kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu tulikuwapo mjini siku hiyo. Kiingilio kwa Watanzania ni kidogo. Msikae zaidi ya saa moja na nusu. Mkitoka, teremkeni kwa miguu hadi Kivukoni mkale samaki, ndipo mazungumzo yatakapokuja.

Treni ya Morogoro

Hapa ndipo pangu. Tangu abiria walipoanza kupanda SGR Juni 2024, Morogoro imekuwa sehemu ya kwenda na kurudi siku moja, jambo ambalo kwa basi lilikuwa la kuchosha watu wote. Chini ya saa mbili mko huko. Kwa familia yetu, wanne nauli kamili na mmoja nusu, ni 58,500 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, jumla 117,000 kabla hamjala chochote. Si hela ndogo. Ni safari ya mara moja kwa likizo, na tunaiwekea kibubu.

Ilinganishe na Mbudya, ambayo gharama yake inakaribiana. Mbudya inampa kijana uhuru wa kuwa mbali nawe. Treni inampa kitu cha kuendesha. Kazi nzima mpe yeye: kutafuta muda wa treni, kukata tiketi kwa simu, kukusanya vitambulisho, kuhesabu saa ngapi tutoke Kimara ili tuwahi ukaguzi, kujua behewa na namba za viti. Treni haisubiri mtu, mageti yanafungwa mapema, kwa hiyo jukumu ni la kweli na kijana analihisi. Dada mtu alituamsha saa tisa usiku. Yeye, ambaye siku za shule anaamshwa mara nne.

Na ndani ya behewa kuna jambo ambalo sikulipata pengine kote. Mmekaa mnatazamana, nje kunapita Pugu, Soga, Ruvu, nyumba zinapungua, mashamba yanakuja, kisha safu ya Uluguru inajitokeza. Kijana anatazama dirishani na kwa sababu hakutazami wewe, anasema. Mambo ya mwalimu fulani, ya rafiki aliyehama, ya kwamba hataki sayansi. Ukimkalisha sebuleni umuulize hayo hupati hata nusu.

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, mbali kidogo na katikati ya mji, kwa hiyo bajeti iwe na bajaji. Wenye mtoto mdogo waishie sokoni na bustani ya Rock Garden, ambako mto unashuka kati ya mawe. Wenye vijana watupu wapande mlima kuelekea Morningside, kwenye jengo la kale la Wajerumani. Ni mwendo wa saa kadhaa kwenda juu, mchukue mwenyeji wa kuwaongoza, maji ya kutosha na viatu vyenye meno. Sisi tuligawana: baba na wakubwa mlimani, mimi na kitinda mimba mtoni. Kugawana huku naona ndiko kunakookoa familia yenye watoto wa umri wa mbalimbali, na Morogoro inaruhusu kuliko Coco.

Bagamoyo ingeweza kushindana, kwa magofu ya Kaole na mji mkongwe wake, na kwa daladala ni rahisi kwa hela. Foleni ya kutoka mjini huniondolea hamu, lakini kwa anayekaa Tegeta au Bunju ningesema aanze na Bagamoyo.

Uwanjani

Fupi tu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007, unaingiza watu 60,000, na mtoto aliyewahi kuwa ndani siku ya Simba na Yanga hasahau. Lakini kwa safari ya kwanza ya familia nisingechagua mechi hiyo. Msongamano wa getini ni wa kutisha kwa mtoto, na kutoka usiku bila gari ni kazi. Bora tamasha la kufungua msimu, la klabu yoyote mnayoshabikia, au mechi ya kawaida ya ligi ya saa kumi jioni. Hakuna mazungumzo pale, kelele tupu, ila mnashangilia kitu kimoja, na kwa kijana ambaye amekuwa akijifungia chumbani mwezi mzima hiyo ni hatua kubwa. Kwetu baba na binti ni Yanga, mimi na wavulana Simba, na wiki nzima kabla ya mechi nyumba ina maneno.

Ungechagua ipi?

Mwenye hela ndogo na vijana wawili au zaidi, Coco ya Jumapili inatosha, mradi kijana ashike fungu la chakula. Kijana mmoja, mwenye marafiki wengi na asiyetaka kuonekana na wazazi, mpeleke Mlimani City na rafiki mmoja, kisha chuoni. Rafiki huyo aombewe ruhusa kwa mzazi wake kwa simu, mzazi kwa mzazi, wala isiachwe kwa watoto wenyewe. Na nauli yake ya kurudi iwe mfukoni mwako. Familia iliyochoka, ambayo imekuwa ikigombana kwa sababu ya simu na mitihani, iende Mbudya na familia nyingine, kila mtu apumue. Na kama kuna jambo ambalo unahisi mwanao anataka kulisema na hajapata pa kulianzia, weka akiba ya treni.

Kijana wa bweni anayerudi Juni mpe wiki nzima ya kulala na kula kwanza. Tulimpangia mpwa wangu safari siku ya pili tu baada ya kufunga shule, alisinzia tangu Kivukoni hadi Mjimwema. Tiketi za treni za wikiendi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa huisha haraka, basi wiki hiyo ya kupumzika ndiyo ya kukata.